Ukishapokea hela yangu, bei usiiguse

Wadau wa magemu mtakumbuka vurugu ya Switch 2, mashine (konso) ya kuchezea magemu ya kampuni ya Nintendo, mwaka 2025. Tarehe 2 Aprili Nintendo wakatangaza konso itauzwa dola 449.99 Marekani, oda zianze tarehe 9, halafu siku hiyohiyo ya tarehe 2 Trump naye akatangaza ushuru mpya wa bidhaa za nje, basi Nintendo wakasimamisha oda kwanza wapige hesabu. Oda zilipokuja kufunguliwa tarehe 24 konso ilikuwa bei ileile ila vifaa vyake vimepanda, padi ya Pro (ya kuchezea) ikatoka dola 79.99 ikaenda 84.99, doki (ya kuunganisha konso na TV) ikatoka 109.99 ikafika 119.99. Watu walilalamika sana.

Mi kwa kweli pale sikuona dhuluma. Inauma ndio, lakini oda Marekani zilikuwa hazijafunguliwa, hakuna aliyeshalipia, ukiona haikufai unaacha, hela yako unayo.

Kinachonikera ni kupokea hela kwanza halafu kupandisha. Kwenye bodi gemu, michezo ya mezani, ndo imezoeleka, unachangia mradi Kickstarter, tovuti ya kuchangia kitu kabla hakijatengenezwa, unasubiri mwaka, wengine miaka miwili, mzigo umeshatoka kiwandani China ndo unaambiwa ongeza hela. Mwaka 2021 sababu ilikuwa nauli ya makontena, 2025 ikawa ushuru wa Marekani ambao kwa mzigo wa China ulifika mpaka asilimia 145. Najua kampuni nyingi za bodi gemu ni ndogo na ushuru wa namna hiyo unaweza kuziua kabisa, siwaombei hilo. Ila hela yangu wanayo wao, mchezo sina, sasa hapo nachagua nini? Ni sawa na fundi makochi umempa advansi halafu anakupigia eti mbao zimepanda. Kama mmekwama kweli semeni, mnipe nafasi ya kuongeza au kurudishiwa hela yangu yote bila kuzungushwa.

Na tusidanganyane kwamba bei inapangwa na gharama tu. Gemu la The Outer Worlds 2 Microsoft waliliwekea dola 79.99 Juni 2025, wateja wakaja juu, Julai ikashuka mpaka 69.99 na walioshalipia wakawekewa utaratibu wa kurudishiwa, wakati gemu lenyewe limetoka Oktoba. Kumbe kushusha inawezekana!

Mi siku hizi kabla ya kuoda kitu ambacho hakijatoka naangalia kama wameandika bei haitabadilika mpaka siku ya kutoka, tena siyo kwangu tu bali kwa kila aliyelipa. Hawajaandika, sitoi hela.