Nyaraka za API zinazotoka kwenye msimbo wenyewe

Niko Mwanga, hapa Kigoma. Niliandika mfumo wa kupokea dagaa mwalo wa Kibirizi: mpimaji anaingiza uzito na bei, halafu programu ya simu, anayoitengeneza dada mmoja aliyeko Tabora, inazisoma kupitia API yangu, yaani mlango ambao programu moja hupitia kuchukua data kwenye nyingine. Maelezo ya API nilikuwa nayaandika kwa mkono kwenye faili la Word. Nikibadilisha msimbo usiku, faili linabaki na mambo ya jana. Siku niliyogeuza "bei" kuwa "bei_kwa_kilo" sikumwambia, programu yake ikashinda inaonyesha sifuri mbele ya wafanyabiashara. Iliniuma sana.

Nikahamia FastAPI, maktaba ya kutengenezea API kwa lugha ya Python, iliyotoka 2018. Inasoma aina za data ulizotaja kwenye fankisheni na modeli (maelezo ya umbo la data), inatoa faili la openapi.json, na ukifungua /docs kwenye kivinjari unakuta kila njia ya API imeorodheshwa, unaijaribu hapo hapo. Kanuni inazofuata za kuelezea API ni za OpenAPI, zile zilizokuwa zikiitwa Swagger hadi 2016. Pale ambapo sikutaja aina ya jibu, ukurasa haukueleza jibu lolote, kwa hiyo nilirudi kuzitaja moja moja. Kazi ya siku mbili, na inalipa.

Intaneti ilipokatika ofisini, ukurasa ulitoka mweupe. Kumbe faili za JavaScript na CSS zinazouchora ukurasa zinavutwa kutoka nje. Nilizipakua, nikaziweka kwenye seva yetu.

Lakini kilichonifundisha zaidi ni sado, kile kindoo cha kupimia sokoni. Nyaraka zilisema "uzito" ni namba, na ni kweli. Dada akapiga simu: "Kaka, hii namba ni kilo au sado? Huku sokoni dagaa tunapimiwa kwa sado." Aina ya data haiwezi kujibu hilo. Nikaandika ndani ya modeli, pembeni ya sehemu yenyewe:

uzito: float = Field(gt=0, description="Kilo, baada ya kutoa uzito wa gunia. Si sado.")

Nilipowasha seva upya, sentensi hiyo ikawa kwenye ukurasa wake kule Tabora. Kesho yake akauliza tena: wabichi au wakavu? Nikaongeza sehemu ya "hali" yenye thamani mbili tu, na /docs ikazionyesha zote mbili kabla hatujakata simu.