Kanisa lililojengwa usiku

Tulitoka Atlanta kabla hakujapambazuka, wanafunzi wa uzamili na mwalimu wetu ndani ya basi dogo la kukodi, tukashika barabara ya kusini-mashariki kupitia Macon kuelekea Savannah. Ni kilomita 400 hivi. Somo letu ni mapokeo ya makanisa ya Wamarekani Weusi, na mwalimu, mchungaji wa Kibaptisti, ana msimamo usioyumba: mapokeo haya hayasomeki maktabani peke yake, maana walioyaanzisha walinyimwa kalamu. Georgia ilipiga marufuku kuwafundisha watumwa kusoma na kuandika mwaka 1829. Walichokijua juu ya Mungu walikihifadhi kwenye sauti, miguu na kumbukumbu.

Mimi ni mchungaji wa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, kutoka Moshi. Nyumbani nilisomeshwa wanatheolojia wa Ulaya, Luther, Barth na Bonhoeffer, na ninashukuru. Katika Wamarekani Weusi tulimjua Martin Luther King tu, tena kama mpigania haki, si kama mwanatheolojia. Hapa Atlanta nilikuta chuo kizima kilichojengwa juu ya urithi wake na wa wenzake: Interdenominational Theological Center, kilichoundwa mwaka 1958 kwa kuunganisha seminari nne, ikiwemo Gammon ya Wamethodisti iliyoanza 1883. Baadaye waliongezeka Wapresbiteri na Wapentekoste wa Church of God in Christ. Mtu anayejua jinsi madhehebu yetu yanavyogombania hata kiwanja ataelewa kwa nini jambo hilo lilinigusa.

Njiani mwalimu alitueleza habari za King kwa namna ambayo sikuwahi kuisikia. Ndiyo, alihitimu seminari ya Crozer mwaka 1951 na akapata udaktari Boston mwaka 1955. Lakini babu yake mzaa mama alilichunga kanisa la Ebenezer, Atlanta, tangu 1894, baba yake akapokea, naye King akajiunga na baba yake hapo mwaka 1960. Kinanda alikuwa akikipiga mama yake, Alberta, ambaye naye aliuawa kwa risasi mwaka 1974 akiwa amekaa kwenye kinanda cha kanisa, ibada ikiendelea. Basi lote lilinyamaza mpaka tulipofika Macon.

Savannah tulifikia kanisa la First African Baptist. Ushirika huu ulitokana na mahubiri ya George Liele, kisha ukachungwa na Andrew Bryan, wote wawili waliozaliwa utumwani. Bryan alichapwa viboko hadi damu ikamtoka kwa kosa la kuhubiri, akawajibu waliomchapa kwamba yuko tayari hata kufa kwa ajili ya Kristo. Aliwekewa mikono mwaka 1788. Jengo lililopo sasa lilikamilika 1859, na masimulizi ya kanisa yanasema waumini walilijenga usiku, baada ya kazi ya mchana kwa mabwana zao, akina mama wakibeba matofali kwenye aproni.

Mwongozaji wetu alitushusha ukumbi wa chini. Kwenye sakafu ya mbao kuna matundu madogo yaliyotobolewa kwa mpangilio: umbo la almasi lenye msalaba ndani yake. Nilipiga magoti nikapitisha kidole juu ya tundu moja. Kingo zake zimelainika kwa miaka na miguu. Kanisa hili linasimulia kwamba chini ya mbao hizo palikuwa na nafasi ya kujificha watumwa waliotoroka, na matundu yaliwapa hewa. Alama yenyewe, alisema mwongozaji, ni ya Wakongo: kuzaliwa, kuishi, kufa na kuzaliwa upya. Mwenzetu mmoja anayetoka Matadi, Kongo, alisogea, akaitazama kwa muda, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hii ya kwetu." Mwongozaji akamshika mkono, hawakuachana mpaka tulipopanda juu.

Jumapili tulisali kwenye kanisa dogo la mashambani, nje ya mji. Hapo ndipo nilipoona mwalimu alikuwa anatupeleka wapi. Kabla ya ibada rasmi shemasi mzee alisimama bila kitabu, akatamka mstari mmoja wa wimbo haraka haraka. Waumini wakaupokea polepole mno, kila silabi ikivutwa na kupindwa, kila mtu na njia yake, lakini wote wakifika pamoja. Hakuna kinanda. Kisha mstari mwingine. Maneno ni ya Kiingereza cha karne ya 18, na desturi ya kutamka mstari ndipo uimbwe nayo ilitoka Uingereza, ila watu hawa waliigeuza kuwa yao. Mtindo huu uliwafaa watu wasio na vitabu, na umebaki hata baada ya wajukuu wao kupata shahada.

Mama wa kanisa mmoja, amevaa nyeupe tupu kuanzia kofia hadi viatu, aliniona nimesimama kimya. Alinigusa kiwiko. "Mwanangu, hapa hakuna mtazamaji." Nikaimba, kwa maneno niliyoweza kuyadaka.

Mahubiri yalikwenda hivyohivyo: mhubiri anatupa, watu wanarudisha, naye hasongi mbele mpaka amejibiwa. Kwa maoni yangu hapo ndipo theolojia yenyewe ilipo. Mafundisho yanapimwa na walio kwenye mabenchi, papo hapo, kwa sauti.

Safari ya kurudi iligeuka darasa. Tulikuwa tumesoma hoja ya mwanatheolojia John Mbiti wa Kenya, kwamba theolojia ya Weusi wa Marekani imezaliwa na maumivu ya ukandamizaji, ilhali ya Afrika imezaliwa na furaha ya imani. James Cone, mwanatheolojia Mweusi wa Marekani, aliitafakari hoja hiyo kwa miaka, na mwaka 1976 ulifanyika Dar es Salaam mkutano ulioanzisha umoja wa wanatheolojia wa Dunia ya Tatu. Wenzangu wakanigeukia: wewe wa huko unasemaje?

Namheshimu sana Mbiti, lakini hapa sikubaliani naye. Nani walikuwa Wakristo wa mwanzo kwenye pwani yetu? Bagamoyo, mwaka 1868, mapadre walianzisha kijiji cha watumwa waliokombolewa. Mwaka 1873 jiwe la msingi la kanisa kuu la Kianglikana liliwekwa Zanzibar, palepale palipokuwa soko la watumwa. Frere Town, Mombasa, kijiji kingine cha watumwa waliokombolewa, ilifuata 1875. Kanisa la Afrika Mashariki nalo lilianzia kwa watu waliowahi kuuzwa. Sisi wa bara tunaanza historia yetu na wamisionari walipopanda Kilimanjaro, na wale wa pwani tunawataja kama namba tu za waliookolewa.

Mwalimu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Hao wa Bagamoyo waliimba nini?"

Tasnifu yangu ilikuwa ihusu Luther na sakramenti, na pendekezo lilishapitishwa. Wiki ileile niliandika ombi la kubadili mada. Sasa natafuta barua na shajara za misheni za Bagamoyo na Frere Town, na wazee ambao bibi zao walizaliwa katika vijiji hivyo. Likizo ijayo naanzia Bagamoyo.