Mchunga wa Mjomba

Fremu ilitengenezwa na fundi seremala wa Majengo: mbao nne nyembamba, mita moja kila upande. Mwalimu wetu wa bayolojia aliipandisha matatu mwenyewe, akaishikilia juu ya vichwa vya abiria kuanzia daraja la Nyali mpaka Bamburi, huku makanga akimuuliza kama anahamisha dirisha. Mwaka ulikuwa 1998. Mvua za El Nino zilikuwa zimepita, na Mombasa nzima kila ufa wa ukuta ulikuwa umeota kitu.

Tulikuwa kidato cha tatu, na somo lilikuwa jinsi mimea inavyorudi mahali palipoharibika, nani anatangulia na nani anafuata. Siku chache kabla ya safari, Mwalimu alituletea jarida kuukuu lenye picha za Mlima St. Helens, jimbo la Washington, Marekani. Mlima huo ulilipuka tarehe 18 Mei 1980. Ubavu wake wa kaskazini uliporomoka, watu 57 wakafa, na misitu ya mabondeni ikalazwa chini miti yote ikielekea upande mmoja. Tulipofunua ukurasa tukakuta uwanda ule ule, miaka kadhaa baadaye, umejaa maua ya zambarau.

Ua lenyewe linaitwa lupini, ni la jamii ya kunde. Mizizini lina vinundu, na ndani ya vinundu mna bakteria wanaoshika naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mmea. Ndiyo maana liliweza kuishi juu ya jivu na mawe ya volkeno ambayo hayana rutuba hata chembe. Likifa linaacha mbolea, na wengine wanapata pa kuanzia. Mwalimu aliipenda sana hadithi hiyo. Alikuwa akifunga jarida na kutuambia, "Mnaona? Ardhi hujiponya yenyewe."

Sentensi hiyo alikuja nayo mpaka Bamburi, akairudia mbele ya mjomba wangu.

Mjomba alifanya kazi kwenye kitalu cha miche pale matimboni, yaani kwenye machimbo ya jiwe la simiti, na ndiye aliyetupokea langoni. Mwalimu alimpa shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akatugeukia na kuanza: ardhi hujiponya yenyewe. Mjomba akamwacha amalize.

"Imejiponya, Mwalimu? Na ule mtaimbo nilikuwa nao kwa ajili ya kupunga upepo?"

Tulicheka mpaka tukanyamazishwa. Lakini alikuwa na haki. Pale jiwe la matumbawe lilichimbwa kwa ajili ya simiti tangu 1954, na lilipokwisha kuchukuliwa hapakubaki udongo, hapakubaki mbegu, hapakubaki mzizi. Ilibaki sakafu nyeupe inayochoma macho, na chini yake kidogo tu maji ya chumvi. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kujaribu miche. Walipanda aina 26 za miti, zikanusurika tatu. Aliyeshinda wote ni mvinje, huu huu tunaoujua kwa boriti.

Mjomba alitupeleka chini ya mivinje iliyokwisha kuwa mirefu, akapiga magoti na kufukua mzizi kwa kidole. Palikuwa na vinundu. Mvinje si wa jamii ya kunde, ila nao una bakteria wake, wanaitwa Frankia, na kazi yao ni ile ile ya wageni wa lupini. Mwalimu alifurahi kama aliyezawadiwa, akatupigia kelele tuandike.

"Ngoja kwanza," Mjomba akasema. "Hapo bado huna udongo."

Kwa sababu majani ya mvinje, yale membamba, yakianguka hayaozi upesi. Yana tanini nyingi, kemikali chungu ya mimea, hata wadudu wengi hawayataki. Mti unamea vizuri lakini chini yake ni zulia kavu tu, na mbegu ikiangukia hapo haifiki popote. Mjomba akalipangua zulia lile kwa kiganja. Akatokea jongoo mnene, mweusi, miguu myekundu, akajikunja papo hapo. Mjomba hakumgusa, alituonyesha pale alipokuwa amelala. Kulikuwa na vinyesi vidogo vyeusi kama punje za pilipili manga, na vilipokuwa vingi vilishikana vikawa kitu ambacho ukikifinya kinabaki na alama ya kidole. Huo ndio udongo wa Bamburi. Jongoo waliletwa makusudi, wakayatafuna yale majani mwaka baada ya mwaka. Binti mmoja wa darasa letu aliyekuwa akipiga mayowe akiona jongoo bafuni alichuchumaa pale mpaka tukamwita kwa jina mara mbili.

Watu hupenda kuutaja Mlima St. Helens kama ushahidi kwamba mtu hana haja ya kufanya lolote. Mimi siukubali ushahidi huo, na nadhani siku ile ndipo nilipoanza kuukataa. Mlima ule ulikuwa na akiba. Ulilipuka theluji ikiwa bado imefunika sehemu nyingi, na mimea midogo iliyokuwa chini ya theluji ilinusurika. Mafuko yaliyokuwa mashimoni nayo yalinusurika, yakaendelea kuchimba na kuupandisha udongo wa zamani juu ya jivu. Na hata hivyo lupini haikutamba moja kwa moja. Viwavi waliivamia wakaichelewesha. Haya yote yalikuwemo jaridani, Mwalimu ndiye aliyeyaruka. Timbo halikuwa na theluji wala fuko. Akiba yake ilitoka kitaluni, ndani ya ndoo, mabegani mwa watu.

Baada ya hapo tukatoka juani, kwenye sehemu ambayo ilikuwa bado haijapandwa, tukarusha fremu bila kuangalia kama tulivyofundishwa, kila kundi kwa zamu yake, ili tuhesabu mimea iliyomo ndani yake. Zamu yetu iliangukia jiwe tupu, au ndivyo tulivyodhani. Ukiinama uliona utando wa kijani cheusi umeganda pale maji ya mvua yalipokuwa yametuama. Kwenye ufa mmoja palikuwa na ndago. Na kando ya ufa, kwenye vumbi lisilojaza kijiko, mchunga, saba kwa hesabu yetu, mmoja ukiwa na ua la manjano na mwingine umeshafunguka manyoya yake meupe tayari kuruka. Hakuna aliyeipanda. Upepo ndio ulioileta. Mwalimu alisimama juu ya ile fremu akamtazama Mjomba bila kusema neno, na Mjomba akakubali kwa kichwa. Hiyo moja alimpa.

Tulikwenda kunywa maji. Tuliporudi, Mwalimu alitaka kuhakiki hesabu za kila kundi, akainama kwenye fremu yetu akapata mchunga mitatu.

"Mmeandika saba."

"Ilikuwa saba, Mwalimu."

Mjomba alikuwa ameketi kivulini na mfuko wa plastiki mapajani. "Si mlikuwa mmeshahesabu?" akauliza. "Huu ukiuchemsha ukamwaga maji ya kwanza, uchungu unapungua. Halafu tui zito. Mpelekee mamako, mwanangu, mwambie mchunga wa kwenye jiwe ni mtamu kuliko wa shambani."

Kwenye ripoti niliandika zote mbili, saba na tatu. Mwalimu alizungushia wino mwekundu akauliza pembeni, "Sababu ya upungufu?" Nikajibu, "Kuliwa na mnyama mkubwa." Akanipa alama moja kati ya mbili.