Kumbukumbu ya kinubi cha mdomo: hamoniki ya 11 imepata mwenzake

Saa tisa na robo ya usiku wa kuamkia leo nilisimamisha kurekodi, nikavua hedifoni na kukaa kimya kitandani kwa dakika kadhaa, kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu nianze utungo huu mwezi Machi, ubeti wa tatu ulikuwa umepita wote bila kunikwaruza masikio. Ninaandika kumbukumbu hii mapema, kabla sijasahau ni jambo gani hasa lililobadilika, maana nilichokuwa nikikitafuta kwa miezi minne hakikupatikana mahali nilipokuwa nikikitafuta.

Kwa ajili ya jina: ninaendelea kukiita chombo hiki, fremu ndogo ya chuma inayoegemezwa kwenye meno huku kidole kikiutikisa ulimi wake, kinubi cha mdomo, jina ambalo nimeliazima kwa Wanorwe, wanaokiita munnharpe kwa maana hiyohiyo. Changu ni khomus, aina ya watu wa Yakutia, chenye fremu nzito na ulimi wa chuma uliosawazishwa kwa F. Ninacho kingine cha C, kimoja cha G ambacho sikuwa nimekitumia kamwe, na dan moi moja ya shaba nyeupe kutoka Vietnam, ambayo hupigwa kwa kushikwa na midomo bila kuegemezwa kwenye meno.

Tatizo lilianza kwa kosa langu la kuandika wimbo kabla ya kukisikiliza chombo. Niliutunga kwa solfa kwenye daftari, kama nilivyozoea kwayani tangu utotoni, na katika ubeti wa tatu nikauacha wimbo upumzike juu ya fa kwa mapigo manne, huku gita likipiga kordi ya fa chini yake. Kwenye karatasi palikuwa mahali pazuri kuliko pote katika utungo mzima. Lakini ulimi wa kinubi cha F hutetema mara 87.3 kwa sekunde, na sauti nyingine zote unazozisikia, yaani hamoniki zake, ni zao la kuizidisha idadi hiyo kwa 2, 3, 4 na kuendelea. Mdomo na koo langu huchagua ni hamoniki ipi ikuzwe, wala haviwezi kuunda ile isiyokuwemo. Hamoniki ya 8 ni do, yaani F yenyewe kwa juu, ya 9 ni re, ya 10 ni mi iliyo chini kidogo ya ile ya gita, na ya 12 ni so. Kati ya mi na so, pale ambapo mtu wa kwaya hutarajia kuikuta fa, kinubi kina hamoniki ya 11 peke yake, yenye mitetemo 960 kwa sekunde. Fa ya gita katika kimo hicho ni 932, na fe, yaani fa iliyopandishwa nusu toni, ni 988. Kwa hiyo sauti yangu ilikuwa senti 51 juu ya fa na senti 49 chini ya fe (senti ni sehemu moja ya mia ya nusu toni), karibu katikati kabisa, na programu ya kupimia sauti kwenye simu ilikuwa ikirukaruka kati ya majina mawili bila kutulia.

Mtu anaweza kuivumilia hamoniki ya 7, ambayo ni ta (ti iliyoshushwa nusu toni) iliyo chini kwa senti 31, kwa kuwa masikio yetu yamezoea ta inayolegea. Ya 11 ikigongana na gita ni jambo jingine. Tofauti ya mitetemo 28 kwa sekunde haisikiki kama nota mbili zilizopishana, bali kama mkwaruzo mmoja mkavu, mfano wa bati linaloburutwa juu ya saruji, na kwa kuwa nilikuwa nimeipa mapigo manne, mkwaruzo huo ulidumu kwa muda ambao hakuna msikilizaji angeweza kuusamehe.

Mwezi mzima wa Aprili niliupoteza nikijaribu kuirekebisha kwa kompyuta. Programu za kurekebisha sauti ya mwimbaji hudhani kwamba kila nota inasimama peke yake, ilhali katika kinubi cha mdomo wimbo na mvumo wa chini hutoka katika ulimi uleule kwa wakati uleule. Nilipoishusha hamoniki ya 11 kwa senti 51, sauti ya msingi nayo ilishuka pamoja nayo kutoka mitetemo 87.3 hadi kama 84.8, na mvumo ambao ulipaswa kuwa sakafu ya utungo ukawa unazama kila tulipofika kwenye fa na kupanda tena tulipoiacha. Nikajaribu kuzigawa sauti, nikiacha zilizo chini ya mitetemo 900 jinsi zilivyo na kuzishusha zilizo juu yake, lakini hamoniki za juu ndizo zinazobeba mguso wa kidole kwenye ncha ya ulimi, na mguso ule ukawa kama unapigwa ndani ya ndoo ya maji. Nimefikia msimamo kwamba programu hizi hazikutengenezwa kwa chombo cha namna hii, na kwamba anayerekodi kinubi cha mdomo atumie muda wake kuiweka maikrofoni mahali panapofaa. Mimi huiweka sentimita 20 kutoka mdomoni, upande wa shavu la kulia na juu kidogo, ili pumzi ipite bila kuigonga. Maikrofoni ya kawaida ya jukwaani, niliyoinunua Luthuli Avenue hapa Nairobi pamoja na waya wake, imenifaa kuliko ile nyepesi kuhisi niliyoazimwa, kwa sababu hiyo ya pili ilinasa meno, mate na pikipiki zinazopita huku Umoja hata saa nane za usiku.

Mwezi Mei nikarudi kwa wazee wa chombo hiki. Albrechtsberger, aliyekuja kuwa mwalimu wa Beethoven jijini Vienna, aliandika konseti kadhaa za kinubi cha mdomo, mandora (chombo cha zamani cha jamii ya gita) na vyombo vya nyuzi katika miaka ya 1760 na mwanzoni mwa ile ya 1770, na nilizisikiliza nikitaka tu kujua wimbo unapita wapi na unapaepuka wapi. Karl Eulenstein, aliyezaliwa mwaka 1802, alichukua njia nyingine: alipiga kwa vinubi 16 vya nota mbalimbali, akibadilisha kulingana na mahitaji ya wimbo, na kazi hiyo ikamharibu meno hata akalazimika kugeukia gita. Kabla yake, mwaka 1816, Heinrich Scheibler alikuwa ameunganisha vinubi kadhaa kwenye kishikio kimoja na kukiita Aura. Nilijiambia kwamba kama tatizo langu ni fa moja tu, basi kinubi cha pili chenye B bemoli kama sauti yake ya msingi kingenipa fa iliyo safi, kwa maana ingekuwa do yake.

Sikuwa na kinubi cha B bemoli, lakini nilikuwa na cha C, na nta ya nyuki ikibandikwa kwenye ncha ya ulimi huufanya uwe mzito na kuishusha sauti. Nilinunua nta, nikaiviringisha vidonge vidogo kama punje za mtama, nikawa naibandika punje moja baada ya nyingine huku nikipima. Punje mbili zilishusha sauti vizuri na chombo kikabaki hai. Lakini kushuka toni nzima kulihitaji nta nyingi kiasi kwamba ulimi ulichelewa kuitikia kidole, mlio ukawa mfupi, na hamoniki za juu, ambazo ndizo zenye wimbo, zikafifia. Hata hivyo sikuacha. Nilikwenda Kamukunji kwa fundi wa mabati, nikamchorea kishikio cha kushika vinubi viwili kwa pembe, na siku ya pili akanikabidhi kazi safi kuliko mchoro wangu: vipande viwili vya chuma bapa vilivyopindwa, skrubu nne, na vipande vya ngozi vya kuzuia fremu zisisugue. Alipouliza ni cha nini nikampigia pale pale kati ya nyundo za mafundi wengine, naye akainamisha kichwa karibu na mdomo wangu mpaka akausikia wimbo.

Kishikio kilifanya kazi, na kubadilisha vinubi kukachukua muda usiozidi pigo moja. Kilichoshindikana ni muziki wenyewe. Fa ilikuja ikiwa safi, lakini ilikuja na mvumo wake yenyewe, maana B bemoli ya msingi ilinguruma chini yake, na F iliyokuwa imeshika utungo tangu mwanzo ikakatika. Masikio hayakusikia wimbo ukipumzika juu ya fa, yalisikia nyumba nzima ikihamishwa. Nilirekodi mara kumi na tisa, nikafuta zote, na kwa majuma mawili sikukigusa chombo.

Jirani yangu wa ghorofa ya chini ni mzee apigaye nyatiti, chombo cha nyuzi cha Wajaluo, ambaye mimi humwita Jaduong' kama wanavyomwita wajukuu zake, na ndiye aliyenisaidia bila kukusudia. Mwanzoni mwa Julai nilimkuta kibarazani akibadilisha nyuzi, akiwa amekipakata chombo na bunda la uzi wa kuvulia samaki pembeni, anavuta uzi, anaupiga kwa ukucha, anauvuta tena kidogo. Nilimweleza habari za fa yangu kwa maneno mengi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, usinitajie jina lake. Ipige, na ukae juu yake mpaka nikuambie basi."

Nilikaa juu ya hamoniki ya 11 mpaka taya likaniuma. Yeye alikuwa akiukaza uzi mmoja taratibu huku akiupiga kwa kidole gumba, na mkwaruzo ule nilioujua kwa miezi minne ukaanza kupungua kasi, ukawa mawimbi, mawimbi yakawa marefu, kisha yakatoweka, na uzi na chuma vikawa sauti moja. Nilihisi mtetemo kwenye meno yangu ukitulia. Nilipoondoa kinubi mdomoni uzi ulikuwa bado unalia, na haukuwa na ubaya wowote ndani yake. Gita lina vizuizi vilivyokwisha kupigiliwa shingoni mwake, kwa hiyo halina mahali pa kuiweka sauti ya aina hiyo, ilhali nyatiti haina kizuizi hata kimoja na kila uzi wake hukaa pale unapovutwa.

Usiku huo nikafanya hesabu ambayo ningepaswa kuifanya mwezi Machi. Nyatiti ina nyuzi nane. Kuanzia hamoniki ya 5 hadi ya 12 ziko hamoniki nane. Nikizishusha zote kwa oktavu mbili, ninapata mitetemo ya 109.1, 131.0, 152.8, 174.6, 196.4, 218.3, 240.1 na 261.9 kwa sekunde, nayo yote inaenea vizuri kwenye nyuzi zake, uzi mmoja kwa kila hamoniki, pasipo uzi unaokosa mwenzake wala hamoniki inayokosa uzi. Nilishuka kumwonyesha asubuhi. Aliitazama karatasi ya tarakimu, akanirudishia, akaniomba nizipige moja moja kuanzia ya chini, na kwa muda wa nusu saa alikuwa amezisawazisha zote kwa masikio. Nilipozipima kwa simu baadaye, uzi uliopotoka zaidi ulikuwa umepotoka kwa senti 4.

Gita nimelitoa kabisa katika utungo. Nota zilizoandikwa kwa ajili yake hazikufaa nyatiti, kwa hiyo nilimwachia Jaduong' aongoze mapigo kwa namna ya kwao, pamoja na pete ya chuma ya kidole gumba cha mguu inayogonga fremu, na mimi nikabaki na wimbo. Ubeti wa tatu umebaki jinsi ulivyokuwa, mapigo manne juu ya ile niliyokuwa nikiiita fa, ila sasa kwenye daftari nimeandika 11 mahali pa fa na 7 mahali pa ta, na ninaziandika nota zangu zote hivyo. Tulirekodi chumbani kwangu baada ya saa nane, magodoro mawili yakiwa yamesimamishwa ukutani na blanketi juu ya mlango, kwa kuwa matatu za kwanza huanza kupiga honi kabla ya saa kumi na moja. Nyuzi mpya za nailoni zilikuwa zikilegea kila baada ya dakika kama kumi, tukawa tunasimama na kuzisawazisha upya, na kila mara kinubi ndicho kilichokuwa kipimo, maana chuma hakijasogea.

Mpango ulikuwa kuingia sehemu ya pili, ile ya dan moi na ngoma. Nimeiahirisha. Mvumo unaohama, ambao mwezi Mei niliuona kuwa ni kasoro, haujanitoka kichwani tangu niliposikiliza umrhubhe wa Waxhosa, upinde wa mdomo wenye sauti mbili za msingi zinazoachana kwa takriban toni moja, na mdomo ukichagua wimbo kutoka katika hamoniki za zote mbili. Madosini, mwanamuziki wa Kixhosa wa Afrika Kusini aliyefariki mwaka 2022, aliupiga upinde huo na alipiga pia isitolotolo, ambacho ni kinubi hikihiki cha mdomo kwa jina la huko. Kati ya F na G ni toni moja. Leo mchana nimekwangua nta kwenye ulimi wa kinubi cha C nikakirudisha sandukuni, nikakifungua kishikio cha fundi wa Kamukunji, na mahali pake nimekifunga kile cha G. Hamoniki ya 8 ya G inaangukia mitetemo 784 na ya 9 ya F inaangukia 786, kwa hiyo kuna mlango wa kupitia kutoka mvumo mmoja hadi mwingine huku wimbo ukiwa umesimama palepale. Nimeupita mara nne kabla ya giza, na mara mbili kati ya hizo sikusikia mshono.