Kumfuata Méliès, Opéra hadi Montreuil

Wenzangu walikwenda kupanda Mnara wa Eiffel. Mimi nilishuka kituo cha metro cha Opéra, hapo hapo Paris, kumtafuta Georges Méliès, mwanamazingaombwe Mfaransa aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa sinema. Hapo jirani, Boulevard des Capucines, ndipo alipotazama filamu za akina Lumière, ndugu wawili waliokuwa na mashine ya kupiga na kuonyesha filamu, tarehe 28 Desemba 1895, akataka kununua mashine yao usiku uleule. Baba yao, Antoine, akamkatalia. Méliès, ambaye tayari alikuwa na ukumbi wake wa mazingaombwe mtaa wa pili, akajipatia mashine kwa Robert Paul wa London. Ukumbi wenyewe msihangaike kuutafuta. Ulivunjwa kupisha barabara.

Richelieu–Drouot nikapanda metro ya laini ya 9 mpaka mwisho, Mairie de Montreuil, nje kidogo ya Paris. Huku, kwenye kiwanja cha familia, alijenga studio ya vioo mwaka 1897 ili apate mwanga wa jua. Utepe wa filamu wa enzi hizo uligeuza wekundu kuwa weusi, basi mapazia ya mandhari akayachora kwa kijivu, nyeusi na nyeupe tu. Rangi zilikuja baadaye: wanawake wa karakana ya Elisabeth Thuillier walizipaka kwa mkono kwenye utepe wenyewe, picha baada ya picha. Studio haipo tena, ila jumba la sinema karibu na kituo lina jina lake.

Wengi humlaumu kwamba kamera yake haisogei, imekaa tu kama mtazamaji aliyelipia kiti cha mbele. Mimi naona utamu uko hapo hapo. Kuna filamu yake ya 1901 ambamo kichwa chake mwenyewe kinapulizwa hadi kinavimba. Kamera ilitulia, yeye ndiye aliyekaa kwenye kiti kilichovutwa juu ya mteremko kuisogelea, kichwa kikazidi kukua. Jaribuni kuufikiria ujanja huo bila kompyuta!

Jioni nikamalizia stesheni ya treni ya Montparnasse. Filamu zilipomfilisi, na baada ya kuchoma negativu (tepe asili) za filamu zake mwaka 1923, aliuza midoli na peremende kwenye stesheni hii, iliyojengwa upya tangu hapo. Waandishi wa habari wakamgundua humo dukani. Mwaka 1931 akatunukiwa nishani ya heshima ya Ufaransa, Légion d'honneur, na aliyemkabidhi ni Louis Lumière, mtoto wa yule aliyemnyima mashine.