Kila Saa Mbili

Jina la Sabasaba nililipata Mei 2009, na halikuhusiana kabisa na viwanja vya maonyesho vya Barabara ya Kilwa. Lilitokana na Windows 7, ambayo wakati huo hata madukani ilikuwa haijafika. Kilichokuwepo ni toleo la majaribio, lile la mwishomwisho, ambalo Microsoft waliliachia umma tarehe 5 ya mwezi huo. Lilikuwa bure kwa yeyote mwenye intaneti ya kulivuta.

Kulivuta sasa. Mkonga wa SEACOM, ule wa intaneti uliopita chini ya bahari, ulianza kazi Julai mwaka huo. Mei, Dar es Salaam bado tulikuwa tunaishi kwa setelaiti, na faili lenyewe lilikaribia giga 2 na nusu. Nikapatana na mzee mmoja mwenye intaneti kafe kule Sinza aniachie kompyuta moja iwake usiku akishafunga mlango. Kwa kasi ya kilobiti 128 kwa sekunde hesabu inakuja kama saa 44, hiyo ni kama umeme haukatiki, na umeme wa Sinza mnaujua. Usiku wa sita likakamilika. Nilichoma DVD palepale asubuhi, nikaiandika "7" kwa makapeni, nikapanda daladala nikiwa nimeikumbatia kama cheti cha kuzaliwa.

Laptopu yangu ilikuwa Dell Latitude ya mtumba kutoka Kariakoo, RAM giga 1, imekuja na Windows XP, ile ya zamani. Vista, iliyofuata baada ya XP, ilikuwa imeshaishinda. Hii ikaingia, ikawaka, ikatulia. Zile kingo za madirisha zinazopitisha mwanga kama kioo cha bafuni, madirisha yanayojipanga yenyewe pembeni ukiyasogeza, vyote vikaenda. Pembeni kulia, chini, kulikuwa na maandishi madogo ya kukukumbusha kuwa hii ni nakala ya majaribio, namba 7100. Hakuna aliyeyasoma. Wenzangu wa hosteli walisimama nyuma ya kiti changu, na kabla ya usiku wa manane nilikuwa nimeshaahidi kuwapigia Windows watatu.

Ujira ulikuwa chipsi mayai na soda. Majina niliyaandika nyuma ya kauntabuku, na kufikia Agosti yalikuwa 11.

Masharti niliyasoma, hilo siwezi kulikana. Yaliandikwa waziwazi siku ya kwanza: kuanzia Machi 1, 2010, kompyuta itakuwa inajizima kila baada ya saa mbili bila kuhifadhi kazi yako, na ikifika Juni 1 muda wake umekwisha kabisa. Ila Machi ya mwaka ujao, kwa kijana wa mwaka wa pili mwenye chipsi za bure, ni mbali kuliko Kigoma. Nilijiambia kwamba toleo kamili litatoka, nami nitajua la kufanya. Likatoka kweli, Oktoba 22. Bei yake ikanifanya nisijue la kufanya.

Katikati ya Februari vikaanza kutokea visanduku vya onyo. Watu wakaja: "Sabasaba, hiki nini, virusi?" Nikawajibu wabonyeze ile X wafunge. Nadhani nilikuwa naogopa kupungukiwa na jina.

Machi 1 ilikuwa Jumatatu. Mchana nilizunguka vyumba vyote nikitangaza, na kwa kuwa mabweni ya wasichana hatukuruhusiwa kuingia, dada mmoja wa mwaka wa tatu nilimsubiri kantini. Yeye ndiye niliyemwogopa zaidi, alikuwa kwenye sura ya nne ya utafiti wake, ile ya majedwali.

"Dada, samahani, laptopu yako kuanzia leo itakuwa inazima kila saa mbili."

"Saa mbili ya asubuhi au ya usiku?"

Palikuwa na kelele za sahani, na mimi nilikuwa nina haraka ya kuikimbia aibu yangu. Nikamjibu, "Zote, dada. Kila saa mbili." Akanishukuru. Akanishukuru, jamani.

Jioni ile akafanya kama alivyoelewa. Saa mbili kasoro tano, wenzake wakielekea kwenye taarifa ya habari, akahifadhi kazi yake na kuizima laptopu mwenyewe, kwa adabu. Saa tatu akaiwasha, akijua yuko salama mpaka asubuhi. Akaandika mfululizo. Saa tano usiku ikazima.

Kesho yake alinikuta tena kantini. Hakupaza sauti. Aliweka laptopu mezani akasema, "Mdogo wangu, uliniambia saa mbili. Hii imezima saa tano." Nilianza kumweleza kwamba nilimaanisha kila baada ya muda wa saa mbili, na nikiwa katikati ya sentensi nikaona uso wake unaelewa kabla sijamaliza. Alicheka kidogo, cheko la mtu aliyepoteza kurasa tano. Kisha akaniagiza chipsi mayai. Nilipe mimi.

Wiki nzima iliyofuata nilikuwa nazirudisha moja moja. Kutoka toleo lile hapakuwa na njia ya kurudi XP ila kufuta kila kitu na kuanza upya, kwa hiyo nyaraka za watu 11 zilipita kwenye diski moja ya kuazima, kila mtu na folda yake. Yule dada nilimfanya wa kwanza. Namba ya leseni ya XP ilikuwa kwenye stika chini ya laptopu yake, herufi na tarakimu 25, mapaja ya wenye kuipakata yameifuta nusu. Niliilaza kifudifudi kitandani, mwenzangu wa chumbani akamulika kwa tochi ya Nokia yake, nami nikawa nasoma kwa sauti. Herufi ya mwisho ya kundi la tatu ilikuwa B au 8. Tulijaribu B ikakataa. Ilikuwa 8.

Nilipomkabidhi aliiwasha mbele yangu, akaangalia ile picha ya XP ya nyasi za kijani na mawingu, akafungua sura ya nne, akaifunga. "Na hii," akaniuliza, "ina tarehe?"

Nikamwambia ipo, Microsoft walikwisha kuitangaza: Aprili 8, 2014, wataacha kuihudumia. Lakini haitajizima, nikaongeza haraka, itaendelea tu kuwaka kama kawaida.

Akatoa kalamu, akaiandika ile tarehe kwenye jalada la daftari lake. Halafu akaniuliza saa ngapi.