Michezo ya Watengenezaji wa Ridhaa Niliyoipakia Kwenye Kompyuta ya Mtumba

Kompyuta ninayoizungumzia ni mpakato wa mtumba, aina ile inayoletwa kwa wingi baada ya ofisi za Ulaya kubadilisha vifaa vyao: ram yake ni gigabaiti 4, haina kadi ya grafiki, na betri yake haimalizi saa mbili. Nilitaka iwe na michezo ya kunitosha mimi na wapwa zangu wanaokuja nyumbani wakati wa likizo, nikajiwekea masharti ambayo sikutaka kuyalegeza. Mchezo usidai pesa mwanzoni wala katikati, usilete matangazo, uchezwe bila intaneti kwa sababu bando ni la kazi, na uwe na kina cha kumfanya hata mtu mzima aufikirie akiwa kwenye daladala. Michezo mingi inayojiita ya bure iliangukia kwenye sharti la kwanza. Iliyobaki, karibu yote, ni kazi ya watengenezaji wa ridhaa, yaani watu walioiandika kwa muda wao wenyewe kwa sababu tu waliupenda mchezo.

Nilianza na kilicho chepesi kuliko vyote. Simon Tatham, ambaye mafundi wa mitandao wanamfahamu zaidi kwa programu yake ya PuTTY, alianza mwaka 2004 kukusanya mafumbo madogo ya kuchezwa kwenye dirisha moja, na sasa mkusanyiko huo una mafumbo yapatayo 40. Kila mara unapobofya kuanza upya, programu inatunga fumbo jipya. Mchezo wa kutegua mabomu uliomo humo una uungwana ambao sikuuona katika ule wa zamani wa Windows: kila ubao unaotungwa unaweza kutatuliwa kwa kufikiri, bila kulazimika kubahatisha. Aidha, kila fumbo lina utambulisho wake wa maandishi, kwa hiyo ninaweza kumtumia dada yangu utambulisho huo kwa ujumbe wa simu tukashindana kwenye fumbo lile lile. Mafumbo kadhaa yanaweza pia kuchapishwa, jambo ambalo lina faida yake siku umeme ukikatika.

Mchezo uliotuteka nyumba nzima, hata hivyo, ni OpenTTD. Asili yake ni Transport Tycoon Deluxe, mchezo wa biashara wa Chris Sawyer wa miaka ya 1990 unaomkabidhi mchezaji kampuni ya usafirishaji. Ludvig Strigeus aliuchambua ndani nje na kuuandika upya, toleo la kwanza likatoka mwaka 2004, na tangu hapo wapenzi wake wameuendeleza bila malipo. Hata picha na sauti zilizotumika zamani zilibadilishwa na kazi za wapenzi hao, ili mtu asilazimike tena kuwa na mchezo wa awali. Vyote kwa pamoja havifiki megabaiti mia moja.

Unaanza mwaka 1950 ukiwa na mkopo wa benki na ramani yenye miji, misitu na migodi. Kwenye orodha ya sarafu kuna nafasi ya kujiwekea ya kwako, nikaweka shilingi. Kisha nikaipa miji majina ya Reli ya Kati, yaani Morogoro, Kilosa, Dodoma na Tabora. Anayeanza ningemshauri awaache abiria kwanza, atafute mgodi wa makaa ya mawe na kituo cha kufua umeme vilivyoachana kiasi, aviunganishe kwa reli. Malipo hutegemea wingi wa mzigo, umbali na siku zilizotumika njiani, lakini umbali unaopimwa ni ule wa kituo hadi kituo, wala si urefu wa reli uliyoizungusha mlimani, kwa hiyo reli ya kuzungukazunguka inakula faida yako kimyakimya. Ishara za reli ndizo zinazowashinda wengi. Treni mbili zikikutana kwenye njia isiyo na ishara zinagongana kweli, na abiria wanakufa kweli, na gazeti la mchezo linatangaza habari hiyo ukurasa wa mbele.

Mamlaka za miji nazo zina tabia zake. Ukikata miti ovyo ili kupitisha reli, zinakunyima kibali cha kituo kipya; ukipanda miti, zinalegea. Kipo hata kitufe cha kutoa hongo, na mpwa wangu mdogo alipokigundua alinijia mbio: "Mjomba, huku mtu anaruhusiwa kuhonga!" Alikitumia Kilosa. Hongo ikabainika, sifa ya kampuni yake katika mji huo ikaporomoka, akalazimika kupanda msitu mzima kabla ya kuruhusiwa kujenga tena.

Kwa anayependa vita vya kupangwa, nilichagua The Battle for Wesnoth, ulioanzishwa na David White mwaka 2003. Huu ni mzito zaidi kuupakua, unachukua mamia ya megabaiti, hivyo nilitumia bando la usiku. Unachezwa kwa zamu kwenye ubao wa vigae vyenye pembe sita, na ardhi ndiyo inayoamua mengi: mpiga mishale wa msituni akisimama kati ya miti ni vigumu kumpata, akitoka uwandani anakwisha. Saa nazo zinahesabika, kwani kuna askari wanaopata nguvu ya ziada ya asilimia 25 mchana na kupungukiwa kiasi hicho hicho usiku, na wapo ambao hali yao ni kinyume. Askari aliyenusurika anabeba uzoefu wake hadi pambano linalofuata, na kumwita tena kunagharimu dhahabu 20. Nimeona watu wazima wakimwonea huruma askari wa picha kuliko wanavyowaonea jirani zao. Watu wawili wanaweza kucheza kwenye kompyuta moja kwa kupokezana, jambo linalopunguza ugomvi wa likizo, ingawa haliumalizi.

Cave Story ni wa aina nyingine kabisa. Daisuke Amaya wa Japani aliutengeneza peke yake kwa miaka mitano, programu, picha na muziki, akautoa bure mwaka 2004, na mashabiki ndio walioutafsiri kwa Kiingereza. Ni wa kuruka na kufyatua risasi mapangoni. Silaha yako hupanda daraja unapookota vipande vidogo vya pembetatu na kushuka unapoumizwa, kiasi kwamba mzembe anadhoofika pale pale anapohitaji nguvu. Matoleo ya kuuzwa yalikuja baadaye, lakini lile la bure bado lipo na linatosha.

Vyote nilivipakua kwenye tovuti za watengenezaji wenyewe, kwa sababu tovuti za kati hupenda kuambatanisha programu ambazo hukuziomba. Ilipowezekana nilichukua faili la zip badala ya kisakinishi, nikalifungua kwenye folda moja, na folda hiyo nikainakili kwenye flashi kwa ajili ya kompyuta za jamaa. Kufanya hivyo ni halali: OpenTTD, Wesnoth na mafumbo ya Tatham ni programu huria, leseni zake zinamruhusu mtu kunakili, kugawa na hata kubadilisha. Cave Story ni wa bure tu, si huria, kwa hiyo ninaugawa ulivyo bila kuugusa.

Niliuacha Dwarf Fortress, mchezo wa kujenga na kuongoza ngome ya vibeta, wa ndugu wawili, Tarn na Zach Adams, ambao toleo lake la kale bado ni la bure, kwa sababu unamtaka mchezaji ajifunze kwa majuma kabla ya kuanza kufurahi. 0 A.D., mchezo wa vita vya mataifa ya kale, umeshindwa na mashine, si na ubora: faili lake linazidi gigabaiti moja na grafiki zake za pande tatu zinaichosha. Hata hivyo nimeuhifadhi kwenye flashi, kwa kuwa miongoni mwa mataifa unayoweza kuyaongoza wamo Wakushi, watu wa ufalme wa kale wa Kush huko Sudan, na mpwa wangu mkubwa ameahidiwa na baba yake kompyuta yenye nguvu zaidi akifaulu mtihani wa kidato cha nne.